Usukani wa trekta ukicheza, anza kupima kwenye tairi

Trekta ndogo ikianza kutangatanga barabarani, na dereva akawa anazungusha usukani robo nzima kabla tairi halijaitika, mafundi wengi hukimbilia skrubu ya boksi la stelingi (boksi la gia za usukani). Wanaikaza, usukani unakuwa mzito, kila mtu anaridhika. Wiki chache baadaye plei (ule mchezo wa usukani) imerudi, na safari hii boksi lenyewe limeliwa. Plei unayoisikia mkononi ni jumla ya plei ndogo ndogo za njiani: beringi za habu (kitovu cha tairi), bushi za kingipini (pini ya wima ambayo tairi hugeukia), bolijointi (viungo vya mpira kwenye ncha za rodi), senta pini ya ekseli (pini ya katikati inayobeba ekseli), kisha boksi. Ukiondoa moja bila kujua zilizobaki, umenunua vipuri bure.

Maelezo haya ni ya trekta zenye stelingi ya mkono, isiyo na haidroliki, hasa Massey Ferguson 35 na 135. Hizi boksi lake lina mikono miwili, mmoja kila upande, na kila mkono unavuta rodi inayokwenda moja kwa moja kwenye tairi lake. Hakuna tairodi ya katikati. Trekta nyingine zina rodi moja tu kutoka kwenye boksi, halafu tairodi inaunganisha matairi mawili. Kupima ni kulekule. Tofauti iko kwenye kupanga matairi mwishoni.

Kabla ya jeki

Egesha kwenye sakafu ngumu, matairi ya mbele yakitazama mbele, upepo uwe sawa pande zote mbili. Piga alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani, uugeuze polepole mpaka tairi lianze kusogea, kisha urudishe upande wa pili. Vitabu vingi vya trekta ndogo huvumilia kama mm 20 hadi 50 kwenye ukingo. Kitabu cha trekta yako ndicho chenye neno la mwisho, lakini ukikuta mm 100 hakuna cha kubishana.

Sasa mwenzako aendelee kuutikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, injini ikiwa imezimwa. Wewe shika kila bolijointi: vidole juu ya rodi, kiganja juu ya mkono wa stelingi (ule wa boksi au ule wa juu ya kingipini, kutegemea ncha ya rodi uliyoshika). Jointi nzima, vyote viwili husogea pamoja. Jointi iliyokufa, kimoja kinatangulia, kingine kinafuata nyuma kwa kishindo kidogo unachokisikia kwenye ngozi kabla ya sikio. Rodi kuzunguka kidogo kwenye mhimili wake si ubovu. Ubovu ni kupanda na kushuka, au kwenda mbele na nyuma. Mpira ukiwa umepasuka na ukaona unga mwekundu wa kutu shingoni, usipoteze muda, hiyo badilisha.

Ukiinua

Weka kabari matairi ya nyuma, mbele na nyuma yake. Ekseli ya mbele inabembea kwenye senta pini, kwa hiyo ukiinua upande mmoja, trekta inaweza kulala upande wa pili. Chomeka vipande vya mti mgumu kati ya ekseli na kibebeo chake, pande zote mbili, kisha tumia stendi. Usifanye kazi trekta ikiwa juu ya jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, chungulia nyuma ya habu. Habu ikisogea wakati spindo (mhimili wa habu ulioungana na kingipini) imetulia, ni beringi. Spindo ikisogea ndani ya ekseli, ni bushi za kingipini. Rekebisha beringi kwanza ndipo upime kingipini, maana beringi legevu hukudanganya. Toa kofia ya habu na spilipini (pini ya kuzuia nati isilegee), kaza nati huku ukizungusha tairi mpaka liwe zito, kisha rudisha nati tundu moja. Tairi lizunguke kwa wepesi bila kucheza. Tia spilipini mpya. Beringi ikikwaruza au ikiwa na rangi ya bluu, imeungua: badilisha ya ndani, ya nje na sili yake (mpira wa kuzuia maji na uchafu) kwa pamoja. Trekta zinazolima majaruba ya mpunga, kama Mbarali, Kilombero au Mwea, hufa sili kwanza, maji yakaingia, beringi zikafuata.

Senta pini haionekani vizuri jeki ikiwa chini ya ekseli, kwa sababu uzito umeibana. Hamishia jeki na stendi chini ya kibebeo cha mbele ya injini, ondoa vile vipande vya mti vya kwenye ekseli ili ining'inie, kisha iinue kwa mtaimbo. Ikipanda na kushuka, bushi au pini imeliwa. Ikienda mbele na nyuma, mara nyingi ni washa za pembeni zilizolika.

Bolijointi

Kabla ya kufungua, pima urefu wa rodi kutoka katikati ya jointi moja hadi katikati ya nyingine, uandike. Hesabu pia mizunguko wakati wa kufungua jointi kwenye rodi. Baadhi ya rodi zina nyuzi za kushoto upande mmoja, kwa hiyo ikikataa usiilazimishe kabla hujatazama.

Toa spilipini, legeza nati lakini iache kwenye nyuzi chache. Pini ya jointi imekaa kwenye tundu lenye mteremko, haitoki kwa kuvutwa tu. Shikilia nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine mapigo mawili matatu makali. Jicho linashtuka, pini inaachia. Anayepiga ncha ya nyuzi kutoka chini huharibu nati na bado pini haitoki.

Futa mteremko wa pini na tundu mpaka vikauke, bila grisi wala mafuta, kwa kuwa kinachoshika pale ni chuma kubana chuma. Kaza nati. Tundu la spilipini lisipolingana, songa mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma, hii si beringi. Na kuchomelea bolijointi iliyolegea ili "isogeze siku" ni kumweka dereva rehani: ikiachia ukiwa na tela lililojaa kwenye mteremko, tairi moja linajiendea lenyewe.

Kingipini

Hapa ndipo penye kazi. Kwa pande mbili andaa bushi 4 (juu na chini kila upande), beringi 2 za kubeba uzito, sili au oringi zake, na nipo mpya za grisi (vichuchu vya kupigia grisi). Pini yenyewe ikague kwa kucha: ukisikia ngazi pale bushi ilipokuwa inakaa, bushi mpya peke yake haitadumu. Wapo wanaochonga pini kwa tindo ili inenepe. Yale matuta yanatafuna bushi mpya kama msasa, kwa hiyo ni afadhali spindo mpya au pini iliyojazwa na kuchongwa upya kwa tona (fundi wa mashine ya kuchonga vyuma) anayejua vipimo.

Toa tairi. Piga alama ya ponchi kwenye mkono wa stelingi na kichwa cha pini kabla ya kuutoa, kwani ukiurudisha mahali tofauti, tairi litageuka vibaya. Mkono ukitoka, spindo inashuka kwa uzito wake, hivyo iwekee gogo chini. Sukuma bushi nje kwa bomba la kipenyo kinacholingana. Safisha nyumba yake pamoja na njia ya grisi, mara nyingi imeziba kwa grisi iliyogeuka jiwe.

Bushi mpya ina tundu la grisi, nalo lazima litazamane na nipo. Ukilikosa, utapiga grisi kila siku na bushi itakauka vilevile. Ingiza bushi kwa presi au kwa bolti ndefu na washa nene. Ikishaingia hubana kidogo, kwa hiyo ipitishe rima (kifaa cha kupanua tundu) mpaka pini izunguke kwa mkono, bila kutikisika. Beringi ya kubeba uzito ina upande wa juu. Fuata jinsi ya zamani ilivyokaa. Rudisha, ondoa nafasi ya kupanda na kushuka kwa shimu (washa nyembamba za kujazia nafasi), kisha piga grisi tairi likiwa hewani huku ukiligeuza. Tairi likiwa limekanyaga chini, grisi haifiki vizuri kwenye beringi hiyo.

Boksi, kama plei bado ipo

Angalia mafuta kwanza, kwa kawaida ya gia. Boksi linalovuja wengi hulijaza grisi: grisi husukumwa pembeni na kubaki hukohuko, gia zikafanya kazi kavu. Badilisha sili. Vuta usukani juu na chini: ukipanda, shimu za safu ya usukani zinahitaji kupunguzwa.

Boksi huliwa zaidi katikati, kwa sababu trekta hutembea moja kwa moja muda mwingi. Rekebisha boksi usukani ukiwa katikati, kisha uzungushe hadi mwisho pande zote. Ukikwama pembeni, umekaza kupita kiasi au gia zimekwisha. Acha plei kidogo katikati kuliko usukani usiorudi.

Kupanga matairi

Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, rudi nusu yake: hapo boksi liko katikati. Kwa trekta ya rodi mbili, nyosha uzi ubavuni mwa tairi la nyuma na ulinganishe kila tairi la mbele na upande wake kwa kurefusha au kufupisha rodi yake. Kisha pima umbali kati ya rimu mbili kwa mbele na kwa nyuma, usawa wa habu. Mbele pawe pafupi kwa mm 0 hadi 6 kwa Massey hizi. Sogeza trekta nusu mzunguko wa tairi, pima tena alama zilezile, maana rimu iliyopinda hukupa jibu la uongo. Kaza nati za kufungia rodi.

Baada ya saa 10 za kazi, kaza tena nati za mikono ya stelingi na za matairi, na upime upya beringi za habu.