Kuteleza mawimbini kwa mfuko wa mwanafunzi: mwongozo kwa Waganda walio masomoni ng'ambo

Mwanafunzi wa Kampala, Mbale au Kasese akipata chuo kilicho karibu na bahari, iwe Swansea au Plymouth kule Uingereza, Cape Town au Gold Coast ya Australia, hazipiti wiki nyingi kabla wenzake wa bweni hawajamwalika kwenda kuteleza mawimbini kwa ubao, yaani surfing. Wengi hukimbilia kununua ubao. Ubao ndio ununuliwe mwisho. Kwa mtu aliyekulia bara, pesa ya kwanza iende kwenye kuogelea, ya pili kwenye wetisuti, yaani suti ya mpira ya kuzuia baridi, ya tatu kwenye somo moja au mawili na mwalimu. Ubao utakusubiri mpaka uwe na hakika kwamba mchezo huu utaupenda hata mwezi wa Novemba.

Kuogelea kwanza

Jipime bwawani: mita 200 bila kupumzika, kwa mtindo wowote, kisha dakika 5 za kujishikilia juu kwenye kina kirefu bila kugusa ukuta. Bwawa la mita 25 maana yake ni kwenda na kurudi mara nne. Ukishindwa, bado. Ubao huelea, ni kweli, lakini kamba inayoufunga mguuni ikikatika unabaki na mikono yako miwili.

Kama ungali nyumbani ukingoja viza, anza sasa. Mabwawa ya hoteli nyingi za Kampala na Entebbe hupokea watu wa nje kwa malipo ya siku, na mwalimu wa kuogelea wa kikundi ni nafuu kuliko utakayemkuta Ulaya. Ziwani usiende kujifunzia, kwa sababu ya kichocho. Ukishafika chuoni, uliza bei ya wanafunzi ya bwawa, na usione haya kuingia darasa la wanaoanza ukiwa mtu mzima. Madarasa hayo yapo, na hujaa.

Ambayo Nalubaale (Ziwa Victoria) haikufundishi

Maji ya ziwa letu hayajai wala kupwa, yaani kushuka, kwa kiasi cha kuonekana. Bahari hufanya hivyo kila siku. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa zinasogea karibu dakika 50 kila siku: ufuo uliokuwa mzuri Jumamosi asubuhi hauko hivyo Jumamosi ijayo saa ileile. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua, maji yanapanda juu sana na kushuka chini sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kwenye Mlango wa Bristol, kati ya Wales na Uingereza ya kusini magharibi, tofauti ya bamvua hufika kama mita 14, na watu hunaswa chini ya majabali wakidhani wana nafasi ya kurudi. Ratiba ya maji kujaa na kupwa hupatikana bure mtandaoni. Isome kabla ya kukata tiketi ya basi.

Jambo la pili ni mkondo unaovuta kwenda nje. Mawimbi huleta maji ufukweni, na maji hayo lazima yarudi. Hutafuta mfereji wenye kina zaidi katikati ya mafungu ya mchanga, kisha hutoka humo kwa kasi. Utautambua hivi: mahali palipo tulivu, maji yana rangi ya giza zaidi, hayana povu, na kushoto na kulia kwake mawimbi yanavunjika. Wakati mwingine unaona mchanga na majani yakielea kwenda nje. Mgeni huchagua hapo hapo kwa sababu panaonekana salama.

Ukivutwa, usipambane nao kurudi moja kwa moja. Hata waogeleaji hodari huchoka. Kaa juu ya ubao, kwa maana ubao ni boya lako. Inua mkono mmoja na upige kelele. Ukiwa na nguvu, piga makasia ya mikono kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka ufike kwenye povu, kisha mawimbi yenyewe yatakurudisha. Kama huna ubao, lala chali, masikio yawe majini, uelee mpaka pumzi itulie.

Bendera nazo zina lugha yake. Uingereza, eneo lililo kati ya bendera mbili za nyekundu na njano ni la waogeleaji na waokoaji wanalitazama. Miraba ya nyeusi na nyeupe ni eneo la mbao za kuteleza. Nyekundu tupu: usiingie. Darasa la wanaoanza mara nyingine huwekwa mahali pake maalumu, kwa hiyo muulize mwokoaji kabla ya kulowa. Australia nako, ubao mgumu hauingii kati ya nyekundu na njano. Muizenberg, Cape Town, kuna pia bendera za papa: kijani ni kwamba watazamaji wa papa wanaona vizuri, nyeusi ni kwamba hawaoni vizuri, nyekundu ni tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa ikiambatana na king'ora ni kutoka majini mara moja. Namba za dharura ziwe kwenye simu: Uingereza 999 na useme unataka Coastguard (walinzi wa pwani), Ulaya 112, Australia 000.

Baridi

Bahari ya kusini magharibi mwa Uingereza huwa kati ya nyuzi 15 na 18 mwezi wa Agosti na Septemba, na hushuka hadi 8 au 10 Februari na Machi. Ukiingia maji ya namna hiyo ghafla, mwili hushtuka: unavuta pumzi bila kutaka, moyo unakimbia, na ukiwa chini ya wimbi wakati huo utameza maji. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja hadi tatu. Ingia taratibu, jimwagie usoni na shingoni, subiri pumzi irudi, ndipo uende kwenye kina cha kiuno.

Mwenye selimundu (sickle cell) asifanye mzaha hapa. Baridi na uchovu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu makali, kwa hiyo zungumza na daktari wa chuo kwanza. Mwenye pumu pia, na dawa yake ya kuvuta ibaki kwa mtu aliye ufukweni.

Unene wa wetisuti huandikwa kwa tarakimu mbili, za milimita: ya kwanza ni kifua na mgongo, ya pili ni mikono na miguu. Kwa Uingereza na Ireland, 3/2 ni ya kiangazi, 4/3 ni ya Mei na ya Oktoba, 5/4 ni ya baridi kali, pamoja na viatu, glavu na kofia. Kama utanunua moja tu, chukua 4/3. Durban hutahitaji zaidi ya fulana ya maji au suti fupi kwa miezi mingi.

Suti hii haizuii maji kuingia. Mpira wenye viputo vya hewa ndio unaozuia joto kutoka, na maji machache yaliyo ndani hupata joto la mwili. Ikiwa pana, kila wimbi linaingiza maji mapya ya baridi na pesa yako imepotea. Ikubane kama ngozi: pasiwe na mfuko wa hewa chini ya mgongo, kwapani wala kati ya mapaja, lakini uweze kuchuchumaa na kuinua mikono juu.

Iliyotumika hupatikana Uingereza kwa pauni 30 hadi 60, na kuichagua ni kama kuchagua jinzi kwenye soko la mitumba la Owino: igeuze ndani nje kwanza. Vuta mishono ya kwapa na mapaja uone kama inafunguka. Kunja magoti ya suti, mpira uliokufa huonyesha nyufa ndogo na haurudi ulipovutwa. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Zipu ya mgongoni ni rahisi kuvaa na bei yake ni ya chini. Ya kifuani hupitisha maji kidogo zaidi, ila kuingia ndani yake ni kazi. Wakati wa kuvaa, valia mfuko wa plastiki mguuni ili upite haraka, na vuta kwa nyama za vidole, si kwa kucha, kwa sababu kucha hutoboa. Baada ya bahari, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uanike kivulini. Juani au juu ya hita ya bweni mpira hukauka na kukatika.

Wenye nywele za kusuka: chumvi hukausha sana. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, zikishashiba maji safi zinanyonya chumvi kidogo. Paka mafuta ya nazi, funga, na ukitoka suuza siku hiyo hiyo. Ngozi nyeusi nayo huungua ukikaa majini kwa muda wa saa tatu, hasa midomo na pua.

Klabu, kukodi, kununua

Vyuo vingi vya pwani vina klabu ya mchezo huu, na hiyo ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Nenda kwenye maonyesho ya klabu wiki ya kwanza ya muhula, kisha uliza mambo matatu kabla ya kulipa: ada inajumuisha usafiri? Kuna wetisuti za saizi yangu za kuazima? Kuna kipindi cha wanaoanza, na kiongozi ana cheti cha uokoaji? Jibu la swali la kwanza ndilo lenye uzito, maana usafiri ndio unaokula pesa kuliko vifaa. Ubao wa futi 8 mabasi mengi hayaupokei. Ukiishi mbali na ufuo, kumiliki ubao ni mzigo.

Somo la kikundi la muda wa saa mbili Uingereza huwa pauni 35 hadi 45, ubao na suti ndani yake. Chukua moja au mawili, zaidi ya hapo utakuwa unalipia mazoezi unayoweza kuyafanya mwenyewe na wenzako. Kukodi ubao peke yake ni kama pauni 10 hadi 15 kwa nusu siku. Ubao laini wa foma (foam) uliotumika ukiuona kwa pauni 100, maana yake utarudisha pesa yako ukienda baharini mara saba hadi kumi. Piga hesabu ya kweli ya wikendi zako, mitihani ikiwemo.

Ukinunua, chukua wa foma, futi 8, kwa mtu wa kilo 60 hadi 75. Ujazo wake ni lita 80 hivi au zaidi. Wapo watakaokuuzia ubao mfupi mgumu wa kuvutia kwa bei ya kutupa. Ukatae: mwanzoni hautakubeba. Ule wa foma ugeuze tumboni utafute mkunjo unaokatiza upana, dalili kwamba umevunjika ndani. Unyanyue na uutikise. Ukiwa mzito au ukisikia maji, umeingia maji. Tikisa mapezi ya chini yake uone kama yamelegea. Kamba ya mguu nunua mpya, urefu sawa na ubao, pauni 15 hadi 25. Hapo usibane matumizi, kwa sababu ubao usio na kamba humgonga mtu mwingine.

Majini

Utabiri usome kwa vitu vitatu: urefu wa wimbi, sekunde kati ya wimbi na wimbi, na upepo. Anayeanza atafute nusu mita hadi mita moja, sekunde 7 hadi 10, upepo mwepesi. Urefu uleule kwa sekunde 14 una nguvu nyingi zaidi. Upepo unaotoka nchi kavu hulainisha mawimbi, lakini ukiwa mkali unakusukuma nje.

Baki kwenye povu, maji yakiwa kiunoni. Lala katikati ya ubao, vidole vya miguu viguse mkia, pua ya ubao iwe sentimita chache juu ya maji. Povu likiwa umbali wa mita tano, piga mikono mara nne au tano kwa nguvu. Ukihisi ubao unavutwa, piga mbili tena. Weka viganja chini ya mbavu, si kwenye kingo za ubao, sukuma, leta miguu chini yako kwa mara moja, magoti yamekunjwa, macho ufukweni.

Pua ikizama, ulilala mbele mno: rudi nyuma kama upana wa kiganja. Povu likikupita, ulilala nyuma mno au uliacha kupiga mikono mapema. Ukianguka upande kila mara, angalia macho yako. Ukitazama miguu, unaifuata. Kupitia magoti kwanza kunaonekana rahisi, lakini kunakuwa mazoea magumu kuyaacha. Zoezi la kusimama lifanye chumbani, mara 20 kila jioni, juu ya mkeka.

Ukianguka, anguka bapa kama gunia, kamwe si kwa kichwa, kisha utoke juu mikono ikiwa imefunika kichwa. Ubao usiwe kamwe kati yako na wimbi, na kamba usiizungushe mkononi. Siku utakayotoka kwenye povu kwenda mawimbi ya kijani, yaani yasiyovunjika bado, aliye karibu zaidi na sehemu inayovunjika ndiye mwenye haki ya wimbi, usimdandie.

Pasipoti

Klabu za Uingereza hupenda safari za bei nafuu kwenda Ureno. Wenzako wanatoka na pasipoti tu. Wewe mwenye pasipoti ya Uganda unahitaji viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Omba miezi miwili au mitatu kabla, na usilipe amana isiyorudishwa kabla ya viza. Soma bima hiyo kama inataja michezo ya majini. Nyingi huiacha nje. Na ukishakuwa hodari, mtu akikuomba ufundishe kwa malipo, kumbuka viza ya mwanafunzi ya Uingereza hairuhusu kujiajiri wala kuwa kocha wa kulipwa.

Ubao uuze kabla ya kurudi, Mei au Juni, watu wanapoanza kutafuta; ulionunua Novemba kwa bei ya chini unaweza kurudisha pesa yake yote. Kuupeleka Entebbe kwa ndege kutagharimu kuliko bei yake. Mawimbi ya Nile kule Jinja ni ya mto, yamesimama mahali pamoja juu ya miamba na maji yenye kasi, na wanaoyacheza huvaa kofia ngumu na jaketi la kuelea. Huko anza upya na waongozaji wa mto, si kwa ujuzi wa Swansea.