Kuhamisha shimo kwenye grini

Klabu ya gofu ya wanachama, iwe Muthaiga ya Nairobi au nyingine yoyote, hupimwa kwa grini zake, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo la kutumbukizia mpira, na mwanachama huona kasoro shimoni kabla ya kuiona kwingine. Kazi hii ifanywe alfajiri, kabla ya wachezaji wa kwanza.

Chagua mahali palipo hatua nne au zaidi kutoka ukingoni, pasipo na mteremko mkali kwa karibu mita moja kuzunguka. Viringisha mpira kwa mkono; usipotulia, tafuta kwingine.

Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Simamisha kikatio, chombo cha kukatia shimo, wima kabisa, maana kikiinama hata kidogo, bendera nayo itainama siku nzima. Kata mara mbili: kwanza kipande chenye nyasi, kiweke kando, kisha udongo wa chini, mpaka kina cha sentimita 18 hivi. Ng'oa kikombe kilichomo ndani ya shimo la zamani kwa ndoana, kihamishie shimo jipya, ukididimize hadi ukingo wake uwe angalau milimita 25.4 chini ya uso wa grini.

Kuziba shimo la zamani ndiko wengi wanakoharibu. Tia udongo wa chini uliotoa kwenye shimo jipya kwanza, ushindilie, halafu kile kipande cha nyasi. Kikichomoza, mashine ya kukatia nyasi itakinyoa hadi mizizi. Kikizama, mpira utaruka. Kitoe tena, ongeza au punguza udongo, usikikanyage kwa kisigino. Mwishowe mwagilia maji taratibu: ukiacha hewa pembeni, kesho utakuta duara la kahawia.