Kamera mpya, Lightroom ya zamani: jinsi ya kufungua mafaili ya CR3

Habari za kazi, wakuu.

Somo hili limetokana na usiku mmoja mbaya. Nilikuwa nimetoka kupiga picha za sendofu. Kamera ilikuwa Canon EOS R10 niliyoinunua wiki ile ile, na kompyuta ni yangu ya siku zote yenye Lightroom 6, programu ya Adobe ya kupanga na kurekebisha picha. Saa sita usiku nachomeka kadi, naingiza picha 612, Lightroom inanijibu kwa dirisha moja refu kwamba mafaili haya hayakuingizwa kwa sababu aina yake haitambuliki. Yote 612. Orodha ikaanza na IMG_0001.CR3 (CR3 ni faili la raw, yaani picha ghafi, la kamera mpya za Canon), ikafuata IMG_0002.CR3, nikateremsha mpaka kidole kikachoka.

Nikadhani kadi imekufa. Nikabadilisha kisoma kadi, nikabadilisha waya. Kisha nikafanya ujanja ambao najua wengi wenu mmeufanya kimya kimya: nikabadilisha mwisho wa jina la faili, .CR3 ikawa .CR2, raw ya Canon za zamani. Ni kama kuandika "petroli" kwenye dumu la dizeli ukategemea gari litawaka.

Kwa hiyo kabla ya yote: usifute kadi, wala usiirudishe kamera dukani. Kama picha inafunguka na kukuzwa kwenye kioo cha kamera, karibu kila mara faili ni zima. Tatizo ni programu.

Faili la raw bado si picha. Ni jedwali la namba. Kila pikseli ya kihisi (sensor) imepima rangi moja tu: nusu yake kijani, robo nyekundu, robo bluu. Ili namba hizo ziwe ngozi ya bibi harusi na si ukungu wa kijani, programu lazima iijue kamera yenyewe: giza lake linaanzia namba ipi, mwanga ukijaa unagota wapi, nyekundu yake ni nyekundu ya namna gani. Adobe huongeza maelezo hayo kamera moja moja, toleo kwa toleo. Lightroom 6 ilitoka Aprili 2015, na sasisho lake la mwisho, 6.14, ni la Desemba 2017. Kamera ya kwanza ya Canon kuandika CR3, yaani EOS M50, ilitangazwa Februari 2018. Lightroom 6 ilishafunga daftari CR3 haijazaliwa. Tena CR3 si CR2 iliyobadilishwa namba tu. CR2 imejengwa juu ya muundo wa picha wa TIFF, CR3 ina ukoo mmoja na video za MP4. Ndiyo maana ujanja wangu wa jina uligonga mwamba.

Dawa yake ni DNG. Huu ni muundo wa raw ambao Adobe waliutoa mwaka 2004, na uzuri wake ni kwamba faili linabeba maelezo ya kamera tumboni mwake. Programu ya zamani haihitaji kuijua R10. Inasoma tu kilichoandikwa humo. Kigeuzi chenyewe kinaitwa Adobe DNG Converter, kipo kwa Windows na Mac, na ni cha bure. Hakuna akaunti ya kulipia kila mwezi.

Hatua ya kwanza: nakili picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye folda ya kompyuta. Usigeuze moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Inachukua muda mrefu, na waya ukiguswa katikati ya kazi unaanza upya.

Hatua ya pili: pakua toleo jipya kabisa la DNG Converter kutoka tovuti ya Adobe wenyewe. Lightroom yako inaweza kuwa ya zamani kadiri unavyotaka, lakini kigeuzi lazima kiwe kipya kuliko kamera. Kaka mmoja aliniletea kigeuzi kwenye flashi, alikuwa nacho tangu enzi za kamera yake ya kwanza. Kilikuwa kipofu kama Lightroom yenyewe.

Hatua ya tatu: kifungue. Dirisha lake ni moja tu lenye sehemu nne zilizopewa namba. Sehemu ya 1 ndiyo ya kuchagua folda yenye picha, na hapa wengi hukwama. Ukibofya "Select Folder" kisha ukaingia ndani ya folda yako, utaona patupu, hakuna hata picha moja. Usishtuke. Kidirisha hicho huonyesha folda tu, mafaili hayaonyeshi. Chagua folda kwa jina lake ukiwa nje, basi. Kama picha ziko kwenye folda ndogo ndogo, weka tiki kwenye kisanduku cha folda za ndani.

Sehemu ya 2 ni mahali pa kuhifadhi. Mimi hutengeneza folda nyingine na kuiita DNG, ili CR3 zikae peke yake. Sehemu ya 3 ni majina, iache ilivyo.

Sehemu ya 4 ndiyo roho ya somo hili. Bofya "Change Preferences", tafuta "Compatibility". Humo unakiambia kigeuzi DNG iandikwe kwa lugha ya enzi ipi. Ukiacha chaguo la karibuni, unaweza kupata DNG nzuri kabisa ambayo programu yako itaikataa kama ilivyoikataa CR3. Wenye Lightroom 4 (kuanzia 4.1), 5 au 6, na wenye Photoshop CS6, chagueni "Camera Raw 7.1 and later" (Camera Raw ndiyo sehemu ya Photoshop inayofungua raw). Photoshop CS5 na Lightroom 3 ni 6.6, mradi mmeshaweka masasisho yake ya mwisho. CS4 ni 5.4. Bado kuna mwenye CS3? Wewe chagua 4.6, na hongera kwa kuitunza hiyo kompyuta.

Kwenye dirisha hilo hilo, picha ya kuchungulia ("JPEG Preview") iache saizi ya kati. "Use Lossy Compression" USIWEKE tiki, hiyo inapunguza data ya picha. "Embed Original Raw File" nayo iache, maana inaweka CR3 nzima ndani ya DNG na faili linakaribia kuwa mara mbili.

Hatua ya nne: "Convert", kisha nenda kapike chai. Jaribu kwanza na picha tano, zifungue kwenye Lightroom, zikikubali ndipo uweke folda nzima. Mimi niliweka zote 612 zikiwa na chaguo lisilo sahihi, nikalala. Asubuhi nikaanza moja.

Asiyetaka DNG anaweza kutumia programu ya kampuni ya kamera. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop, zote za bure. Unafungua raw humo, unarekebisha mwanga na rangi, unatoa TIFF ya biti 16 na kuipeleka Photoshop yoyote ile. Lakini piga hesabu: megapikseli 24, rangi tatu, baiti mbili kila rangi, ni kama MB 144 kwa picha moja. Kwa picha kumi za kuchapisha ukutani, sawa. Kwa harusi nzima, hapana.

MASWALI YA WANACHAMA NA MAJIBU YANGU

Shukrani mkuu. Nina CS6, nimegeuza kama ulivyosema, kwenye Compatibility nikachagua 7.1, bado inakataa.

Nina hakika unafungua zile za zamani. Ukibadilisha Preferences, DNG ulizotengeneza mwanzo hazibadiliki, na kigeuzi kikikuta jina limeshatumika huongeza namba mwishoni. Kwa hiyo folda yako sasa ina mbovu na nzima zimechanganyika. Futa DNG zote (DNG, si CR3!) ugeuze upya kwenye folda tupu. Ikishindikana tena, nenda Help, kisha About Plug-In, kisha Camera Raw, uangalie namba, isiwe chini ya 7.1. CS6 inaweza kufika mpaka Camera Raw 9.1.1.

Mwalimu, shikamoo. Je, ubora unapungua? Na nikishapata DNG naweza kufuta CR3? Diski yangu imejaa.

Marahaba. Usipoweka ule mgandamizo niliokataza (Lossy Compression), namba za kihisi zinabaki zile zile, hupotezi kitu kwenye weupe wa shela wala kwenye vivuli. Kuhusu kufuta, mimi sifuti. Digital Photo Professional haifungui DNG hizi, na siku ukitaka rangi za Canon zenyewe utaihitaji CR3. Kama nafasi ni shida, futa DNG baada ya kukabidhi kazi. DNG inatengenezwa tena wakati wowote, CR3 haitengenezwi. Ila marekebisho yako yako ndani ya katalogi ya Lightroom, kwa hiyo ukizirudisha baadaye tumia majina yale yale na folda ile ile.

Kaka, mimi niko Mombasa. Nimesikia kuna watu hutumia ExifTool kubadilisha jina la kamera ndani ya faili, Lightroom ikadhani ni kamera ya zamani. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa baadhi ya kamera inakubali: pale muundo wa faili haukubadilika na kihisi ni kile kile au ndugu yake. Kwa CR3 kwenye Lightroom 6 haiwezekani, maana muundo wenyewe haijui. Na hata inapokubali, unaipa programu maelezo ya rangi ya kamera nyingine. Niliwahi kuona nyuso za watu weusi zikitoka na wekundu wa ajabu mashavuni, kama wamepakwa rangi. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye nakala.

Kompyuta yangu ni Windows 7 na DNG Converter mpya inagoma kuingia.

Ndiyo, toleo jipya linataka Windows 10 au zaidi. Weka kigeuzi kwenye kompyuta ya rafiki au ya ofisini, geuza huko, rudi na DNG kwenye diski ya nje. DNG ikishatoka haijali imetengenezwa wapi.

Dada yenu hapa. Picha zimefunguka ila rangi zimepooza, kitenge cha machungwa kimekuwa kama kimefuliwa mara ishirini. Kwenye kamera kilikuwa kinawaka.

Kwenye kioo cha kamera, dada, ulikuwa unaangalia JPEG ndogo iliyoshapikwa na Picture Style ya Canon, yaani mpangilio wa rangi wa kamera yenyewe. Lightroom inaanza na rangi za Adobe Standard, ambazo ni tulivu zaidi. Nenda Develop, shuka mpaka Camera Calibration, fungua orodha ya Profile uone kama kuna Camera Standard au Camera Portrait. Kama ipo Adobe Standard peke yake, chukua picha moja ya kitenge hicho, ongeza Vibrance na ukolezo (Saturation) kidogo, rekebisha machungwa kwenye HSL, sehemu ya kurekebisha rangi moja moja, mpaka uridhike, kisha hifadhi marekebisho hayo kama preset, yaani mpangilio wa kutumia tena. Mara nyingine utaiweka wakati wa kuingiza picha na hutaigusa tena.

Mkuu, kwa nini nisipige RAW na JPEG pamoja nimalize shida?

Piga. Mimi tangu usiku ule napiga hivyo kila kazi yenye mteja mwenye haraka. JPEG naituma WhatsApp asubuhi, raw zinageuzwa taratibu. Kadi tu itajaa mapema, kwa hiyo beba mbili.