Kuweka kifaa cha trafiki kwa ndege ndogo: fanya kabla hujawasha injini

Marubani wengi wa ndege ndogo siku hizi wana hivi vifaa vya kubeba vya kuonyesha trafiki, yaani ndege nyingine zilizo karibu nawe, mwingine ana Stratux, mwingine SkyEcho 2, na wengi wanabandika tu kwa kioo, wanawasha, wanaruka. Naomba usifanye hivo. Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana angani karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, watu wawili waliokuwa kwa Cessna 172 wakafariki, na tangu hio siku sikubali tuanze kutembea kwa taxiway (ile njia ya kwenda pale pa kurukia) kama hii kitu haijawekwa sawa.

Kwanza ujue kinasikia nini. Kinasikia transponda (redio ya ndege inayojitambulisha yenyewe) zinazotangaza ADS-B, yaani ndege inasema iko wapi na kimo gani, kwa megahezi 1090, basi. Zile video za Wamarekani zinazoongelea 978 na stesheni za chini zinazokurushia picha ya trafiki, hizo ni za kwao, huku kwetu hazipo. Ndege yenye transponda ya zamani kifaa hakiwezi kukuonyesha iko upande gani, na isiyo na transponda haitaonekana kabisa, kwa hivyo skrini ikiwa tupu usidhani anga ni tupu.

Sasa mahali pa kukiweka. Antena isimame wima, isilale, na isijifiche nyuma ya chuma wala nyuma ya mwili wa mtu maana vyote vinakula mawimbi. Kwa Cessna mimi napenda kioo cha pembeni, sio juu ya dashibodi, jua la saa saba pale linapika betri mpaka kifaa kinajizima chenyewe. Kabla ya kubandika futa vumbi na kitambaa laini na maji, dawa ya vioo ya nyumbani yenye amonia inaharibu kioo cha ndege. Alafu waya wa chaji, jamani, niliwahi kuona rubani anavuta usukani kwa ukaguzi ukagoma katikati, kumbe waya umejizungusha pale shina la usukani linapoingia kwa paneli, na tungekuwa tayari tunaruka sijui ingekuwaje. Ufunge pembeni na tepu. Mwisho washa na uzime kifaa huku unaangalia dira ya sumaku, ikicheza hata kidogo kihamishe.

Kitu kinachosumbua watu sana ni kodi ya ndege (code ya utambulisho, sio ushuru), ile ya herufi na namba, jumla sita. Za Kenya zinaanza na 04C, za Tanzania 080, na hio mwanzoni ni sifuri sio herufi O. Usipoiweka kwa setingi (Stratux unafungua 192.168.10.1 kwa simu ukishaingia waifai yake) kifaa kinasikia transponda yako mwenyewe na kukuambia kuna ndege iko juu yako, kimo kile kile, haibanduki. Mwanafunzi akishazoea hio kelele ya uongo ataipuuza hata siku ya ukweli. Na ukihamia ndege nyingine ubadilishe kodi.

Kimo nacho kiangalie ukiwa bado chini. Weka altimita (saa ya kimo) kwa presha ya kawaida, hektopaskali 1013, ulinganishe na kimo cha presha, yaani kimo kinachohesabiwa kwa hio 1013, ambacho kifaa kinaonyesha. Wilson iko zaidi ya futi 5,500, kwa hivyo kama kifaa kinakuambia uko futi 300 ujue kuna shida. Wakitofautiana kidogo sawa, wakipishana mia kadhaa usikiamini.

Kama kifaa chako kinaweza pia kutangaza, kama SkyEcho 2, na ndege tayari ina transponda ya ADS-B, kiache kwa kupokea tu, ndege moja isijitangaze mara mbili. Kama haina, uliza mamlaka ya anga kwanza kabla ya kurusha mawimbi.

Kwa iPad unayoangalizia trafiki ruhusu programu itumie mtandao wa karibu (Local Network), zima ile ya skrini kulala, na sauti ipite kwa hedifoni, sababu macho yako yanatakiwa nje. Na ukisikia trafiki "twelve o'clock", yaani mbele moja kwa moja, kumbuka kifaa kinahesabu kwa njia unayopita juu ya ardhi, sio pale pua inapoangalia. Upepo wa pembeni wa noti (knots) 20 ukiwa unaenda 90, pua imegeuka kama digrii 13 kuelekea upepo, kwa hivyo hio ndege itafute upande ambao upepo unaenda, sio mbele ya propela.