Kura ya Hugo kutoka Uyole

Julai ya 2024 nilikuwa Uyole kwa harusi ya binamu yangu. Mnaoijua Mbeya ya mwezi wa saba hamhitaji kuelezwa: jiko la mkaa katikati ya sebule, mlango wazi kidogo moshi upate kutoka, nami kwenye kona nimejifunika blanketi, kompyuta mapajani. Mjomba akanitazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Sasa mjomba, kura gani hiyo unapiga? Uchaguzi mkuu si mwakani?"

Nilikuwa napiga kura ya tuzo za Hugo. Tangu nirudi Glasgow, Wanyakyusa, Wahehe na Wabena wenzangu wa ughaibuni wameniuliza swali lilelile la mjomba, kwa hiyo nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Hugo ni tuzo za hadithi za kisayansi na za kimaajabu. Zilianza kutolewa mwaka 1953, na jina ni la Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani na kuanzisha huko jarida la hadithi hizo mwaka 1926. Naye alikuwa mwanadiaspora, kama mimi na wewe. Tuzo hizi hazina jopo la majaji. Wanaochagua ni wasomaji waliojiunga na kongamano la dunia linaloitwa Worldcon, ambalo huhama mji kila mwaka: 2024 lilikuwa Glasgow, 2025 Seattle, 2026 ni Anaheim karibu na Los Angeles, tarehe 27 hadi 31 Agosti, na 2027 ni Montréal.

Wengi wetu tunakosea hapa: tunadhani lazima usafiri. Uanachama wa kupiga kura unauzwa peke yake, kwa kama dola 50, na kiingilio cha ukumbini ni malipo mengine juu yake. Mtu anayesafisha hoteli zamu ya usiku na hana likizo Agosti ana kura sawa kabisa na aliyeketi mstari wa mbele. Zaidi ya hapo, mwanachama wa mwaka huu anaruhusiwa kupendekeza kazi kwenye tuzo za mwaka huu na za mwaka unaofuata, mradi awe amejiunga kabla Januari haijaisha. Kama Krismasi huwa unashuka nyumbani, lipa kabla ya kupanda ndege. Januari ya Mbeya ina mvua, misiba na ndugu wa kutembelea, utasahau.

Mchakato una hatua mbili. Ya kwanza ni sawa na kura za maoni: kila mwanachama anapendekeza hadi kazi tano katika kila kundi, na sita zinaingia fainali. Kwangu mimi uzito wote uko hapa, na hapa ndipo watu wetu hawaonekani. Mwaka 2024 waliopendekeza walikuwa 1,720 tu kutoka dunia nzima. Ukumbi mmoja wa harusi pale mjini ukifurika unakaribia idadi hiyo. Kura yako katika hatua hii ni kama debe moja la mahindi: ukipendekeza kazi tano, debe linagawanywa mafungu matano, kazi moja ikiondolewa kwenye hesabu, fungu lake linarudi kwa zilizobaki. Kwa hiyo usijaze nafasi kwa ajili ya kujaza. Ukiwa umesoma mbili nzuri, andika hizo mbili.

Angalia pia urefu. Hadithi fupi ni ile isiyofika maneno 7,500, na riwaya kamili huanzia 40,000. Katikati kuna makundi mawili, yanayopakana kwenye maneno 17,500. Na ndiyo, kazi ya Kiswahili inaruhusiwa. Ikija kutafsiriwa kwa Kiingereza, inapata nafasi tena mwaka tafsiri ilipotoka, na kusema kweli hapo ndipo wapiga kura wataweza kuisoma. Kwa wale mnaoandika na mmeshachapisha, kuna pia tuzo za Nommo, zilizoanza kutolewa 2017, ambazo wapiga kura wake ni wanachama wa chama cha waandishi wa Afrika wa fani hii. Waliozaliwa nje na mzazi Mwafrika hawafungiwi mlango.

Hatua ya pili ndiyo iliyomchanganya mjomba, maana huweki tiki moja. Unapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anayeshika mkia anaondolewa na kura zake zinahamia kwa waliofuata kwenye karatasi hizo, mpaka mmoja avuke nusu. Na kwenye orodha kuna chaguo la "asipewe mtu".

Mjomba akakuna kidevu. "Ni kama nikimtuma mtoto sokoni Mwanjelwa. Aniletee mchele wa Kyela. Akiukosa, wa Usangu. Akiukosa na huo, arudi na hela yangu."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Na hela hurudi kweli: mwaka 2015, kundi la watu lilipopanga orodha ya pamoja ili kuteka fainali, wapiga kura waliacha makundi matano ya tuzo bila mshindi.

Mafaili ya kazi zilizoingia fainali mara nyingi wanachama hupewa wasome. Yapakue huko huko uliko kabla ya safari, usije ukayangoja kwa bando ukiwa njiani kwenda Makete. Chunga na saa. Kura ikifungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Los Angeles mwezi wa Julai, Mbeya inakaribia saa nne asubuhi ya siku ya pili.

Usiwalipie shangazi na wapwa ukawapigia kura wewe. Glasgow waliondoa kura 377 walizoona si za watu halali. Ndugu akitaka kujiunga, mjulishe, asome, apige mwenyewe.

Ukiamua kwenda, anza na viza. Kibali cha kuishi Uingereza hakimfikishi mwenye pasipoti ya Tanzania Montréal. Nauli ikikushinda, kuna mfuko wa Con or Bust unaosaidia mashabiki wasio Wazungu. Ukumbini vaa viatu vya kutembea Mafinga hadi Makambako. Mimi nilivaa shati la kitenge, mama mmoja akaniuliza nimejifanya mhusika gani. Nikamwambia mhusika wa Tukuyu. Chai nzima tuliimaliza nikimsimulia kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la tani kama 16 lililotoka angani. Alikuwa amesoma mamia ya hadithi za vitu vinavyoanguka duniani. Mtu aliyekigusa kimoja kwa mkono alikuwa hajakutana naye.

Usiku wa tuzo nilimpigia mjomba. Nikamwambia katika kundi moja niliyempa namba moja ameanguka, ameshinda niliyempa namba mbili.

"Basi tumekula Usangu," akasema. "Si mbaya."