Kurusha dadu mbili kwa Python, na kuzikagua kama ni za haki

Kwa dadu moja zoezi hili ni jepesi. Makosa huanza dadu ya pili inapoingia.

Unahitaji Python 3 na faili moja. Liite `dadu.py`. Usiliite `random.py`, maana Python italisoma hilo badala ya moduli yake yenyewe ya `random` (faili la msimbo wa kutoa namba za bahati nasibu), kisha itakulalamikia kwa `AttributeError` kwamba `randint` haipo.

Hatua ya 1: dadu moja

```
import random

def rusha():
    return random.randint(1, 6)

print(rusha())
```

`randint(1, 6)` huhesabu ncha zote mbili. `randrange(1, 6)` huishia 5, kwa hiyo ukipenda kutumia hiyo, andika `randrange(1, 7)`. Ukikosea hapa hutaona ujumbe wowote wa kosa. Programu itaendelea vizuri tu, ila dadu yako ina nyuso tano.

Hatua ya 2: dadu mbili

```
jumla = rusha() + rusha()
```

Wengi huona kuita `rusha()` mara mbili ni kujichosha, wakaandika `random.randint(2, 12)`. Namba zinazotoka zinafanana na za dadu mbili, lakini kila jumla imepewa nafasi sawa, 1 kati ya 11. Dadu za kweli haziendi hivyo. Zina miunganiko 36: jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 (1+6, 2+5, 3+4, 4+3, 5+2, 6+1), na jumla ya 2 kwa njia moja tu.

Wengine huandika `2 * rusha()`. Hiyo ni dadu moja iliyozidishwa, na namba witiri haitatoka kamwe. Yaani 7, iliyopaswa kuongoza, haionekani kabisa.

Hatua ya 3: rusha mara 36,000 uhesabu

```
hesabu = [0] * 13

for i in range(36000):
    jumla = rusha() + rusha()
    hesabu[jumla] += 1

for j in range(2, 13):
    print(j, hesabu[j])
```

Orodha ina nafasi 13 kwa sababu Python huanza kuhesabu na 0. Nafasi ya 0 na ya 1 zitabaki tupu, ziache. Ukiweka 12, programu itakatika kwa `IndexError` mara tu jumla ya 12 itakapotokea.

Nimechagua 36,000 ili ukaguzi ufanyike kwa macho: kila njia inatarajiwa kutokea kama mara 1,000. Basi 2 na 12 zikaribie 1,000 kila moja, na 7 ikaribie 6,000. Kupungua au kuzidi kwa mia moja hivi kwenye 7 ni kawaida.

Mistari yote ikicheza karibu na 3,270, umerudi kwenye `randint(2, 12)`. Mstari mmoja ukibeba 36,000 zote, mstari wa `jumla = ...` umeuweka juu ya `for`, kwa hiyo dadu zilirushwa mara moja tu.

Unapotafuta kosa, ongeza `random.seed(7)` chini ya `import`, ili kila ukiendesha programu upate mfululizo uleule. Usiiweke ndani ya `for`: kila mzunguko utaanza upya na kutoa jumla ileile. Kosa likishapatikana, ifute.