Kundi la kuitana, jukwaa la kuweka: tunavyoendesha klabu yetu ya mawe Lubumbashi

Mimi nina kibanda cha fotokopi na picha za pasipoti katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mapenzi ya mawe niliyapata kwa baba, aliyefanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi. Leo klabu yetu ya wakusanya mawe ina watu thelathini na mmoja: wachonga malakiti (lile jiwe la kijani la shaba), wanafunzi wawili wa jiolojia, dereva wa lori anayekwenda Kasumbalesa, mama muuza sombe (majani ya muhogo) ambaye jicho lake linatushinda sote. Jumapili ya kwanza ya mwezi, misa ikitoka, tunatandika kikwembe uani kwangu, kila mtu anaweka jiwe lake, na ubishi unaanza.

Siku nyingine zote tunaishi kwenye simu. Wenye vilabu vingine, wa njiwa, wa dama, wa kushona, huja kibandani kuniuliza tunaendeshaje: WhatsApp, Facebook, au jukwaa letu wenyewe kwenye intaneti? Tunatumia vyote vitatu, ila kila kimoja kina kazi yake, na tulichelewa miaka minne kulijua hilo.

Sauti zilizopotea

Kundi la WhatsApp tulilifungua 2017. Alikuwamo Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee, mstaafu wa mgodini, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, hawezi kuandika. Ukiposti picha ya jiwe, yeye anabonyeza kipaza sauti na kusimulia: dakika mbili, dakika tatu, kuku wanalia nyuma yake. Jiwe kama hili lilitoka kina gani, lilikaa ubavuni mwa jiwe gani, nani alilipata kwanza na walibishana vipi. Sisi tulisikiliza, tukamjibu kwa alama ya dole gumba, tukaendelea na habari za michango.

Alifariki 2021. Familia ikatuachia sanduku lake la mawe, nasi tukataka kuandika kando ya kila jiwe yale aliyoyasema. Simu yangu ilikuwa imejaa mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimezifuta sauti zote kwa mkono wangu ili nipate nafasi ya kazi. Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu klabuni, alikuwa amebadilisha simu bila kuhamisha chochote. Ya mwingine iliibwa sokoni. Tulizipata sauti sita tu, kwenye simu ya dereva, kwa kuwa yeye hana tabia ya kufuta.

WhatsApp haikutukosea, ndivyo ilivyoundwa. Ujumbe ukishawafikia, hauwekwi huko kwao kama karatasi kabatini. Unaishi ndani ya simu zenu na nakala zenu za akiba, basi. Na waliojiunga baada ya msiba hawakuwa na pa kuyasoma ya nyuma. Kwao Papa alikuwa jina tu.

Swali la kujiuliza kabla ya kuposti

Je, kuna mtu atakayelitafuta jambo hili mwakani? Kama hakuna, lipeleke WhatsApp. "Mvua inanyesha, tukutane kwa dereva." "Nani ana lupu (kioo cha kukuzia) ya kuniazima?" Michango, misiba, kura ya tarehe ya safari. Kwa hayo hakuna kinachoishinda. Kila mtu anayo, vifurushi vya WhatsApp peke yake vinauzwa kwa bei nafuu, na kundi moja linabeba watu 1,024, ambao uani kwangu hawaenei hata wakisimama.

Kama atakuwepo wa kulitafuta, lina nyumba nyingine. Chukua swali hili: "Hili ni malakiti?" Kila mwezi mgeni anatuma picha ya kitu cha kijani na swali hilo. Zamani tulimjibu kila mmoja upya, na kadiri miezi ilivyopita majibu yalizidi kuwa mafupi na makali. Kijana mmoja alijibiwa "soma juu", na huko juu kwake hapakuwa na kitu. Alitoka kundini siku hiyo hiyo, sikumlaumu.

Sasa kuna mada moja kwenye jukwaa, yenye picha tisa zilizopigwa kivulini mchana. Inaeleza kwamba malakiti ukiisugua nyuma ya kigae, pale pasipong'arishwa, inaacha mstari wa kijani hafifu. Kwamba ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 3.5 hadi 4, kwa hiyo kisu kinaikwaruza. Kwamba ikidondoshewa asidi hafifu inatoa povu, kwa sababu ni kaboneti ya shaba, lakini krisokola, ndugu yake anayewadanganya wengi, haitoi. (Asidi inashikwa na mwanafunzi wa jiolojia peke yake, tena kwa glavu. Mada inasema hivyo kwa herufi nene.) Picha ya tisa ni kipande cha chupa ya bia kilichosuguliwa vizuri mno na maji ya mto. Aliyekileta kwa fahari, kimefungwa kwenye kitambaa, ni mimi.

Mgeni akiuliza, tunampa salamu na linki. Mada hiyo tumeirekebisha mara saba, kila mtu anapogundua kosa. WhatsApp inakupa dakika 15 za kurekebisha ulichoandika. Baada ya hapo kosa lako linabaki vile vile na linasambazwa hivyo hivyo.

Facebook: dirisha, si chumba

Ukurasa wa Facebook tunao, kwa ajili ya watu wa nje: picha nzuri, tarehe ya mkutano, basi. Mambo ya ndani hatuyaweki, na sababu tuliilipia.

Mwenzetu mmoja alipata azuriti, ile buluu inayokufanya ufikiri mtu ameipaka rangi, akaiposti pamoja na jina la mahali alipoiokota. Tulifurahi wiki nzima. Tuliporudi huko mwezi uliofuata tulikuta mashimo, na mwenye shamba akatupokea na panga mkononi. Wakati huo huo wanunuzi wa madini walianza kumiminika kwenye maoni: tani ngapi, bei gani, nitume namba. Sisi tunakusanya mawe ya kukaa kiganjani. Biashara ya madini ya wachimbaji wadogo ina sheria yake, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2018, na mnunuzi anatakiwa awe na kadi yake. Klabu ikigeuka soko bila kujua, ni admini atakayeulizwa.

Kwa hiyo, hata kama klabu yako ni ya njiwa au ya uyoga: mahali halisi pasitajwe hadharani. Na uangalie picha zenyewe. Kamera ya simu, kama hukuizima alama ya mahali, inaandika ndani ya picha pale uliposimama, kwa namba kamili. WhatsApp ikituma picha ya kawaida inaziondoa namba hizo, lakini ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, namba zinakwenda nayo. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima alama ya mahali, halafu mwambie na jirani yako.

Kulijenga jukwaa

Tunatumia phpBB, programu ya bure iliyoanza 2000. Ipo nyingine nzuri zaidi kwa macho, Discourse, ila inataka seva yake yenye angalau gigabaiti moja ya memori na mtu wa kuihudumia. phpBB inakaa kwenye nafasi ya kawaida ya kupangisha tovuti, penye PHP na MySQL (programu za kuendeshea tovuti na hifadhidata yake), na inafunguka hata kwenye simu chakavu. Jina la tovuti pamoja na nafasi vinatugharimu dola 48 kwa mwaka. Kila mwanachama anatoa dola mbili; zinazobaki ni mega (data ya intaneti) za msimamizi.

Fungua vyumba vichache. Sisi tulianza na kumi na viwili, vya shaba, vya kobalti, vya mawe ya mtoni, na vyote vikawa kama nyumba zisizo na wapangaji. Leo vipo vinne: Jiwe hili ni nini, Mawe yetu, Safari, Kazi ya mikono. Mgeni akikuta jambo jipya limeandikwa jana, anabaki. Akikuta la mwisho ni la miezi minane iliyopita, anafunga mlango polepole na hutamwona tena.

Baada ya wiki mbili zitakuja roboti kujiandikisha, majina ya ajabu yanayouza dawa. Kwenye phpBB unaweza kumwekea anayejiandikisha swali la kujibu. Maswali ya hesabu roboti wanayaweza. Sisi tumeweka: "Ugali hapa kwetu tunauitaje?" Anayeandika bukari anaingia.

Picha zipunguze kabla ya kupakia. Upana wa pikseli 1,200 unatosha kuona nyufa za jiwe bila kumaliza mega za wenzako. Nakala ya akiba nachukua kila mwisho wa mwezi: hifadhidata kupitia ukurasa wa msimamizi, halafu folda ya "files", maana picha hazimo ndani ya hifadhidata. Usiisahau folda hiyo. Zote mbili ziko kwenye flashi mbili, moja kibandani, nyingine kwa mama wa sombe, ndani ya kopo la chumvi.

Kosa jingine letu: mwaka wa pili tulilipia kwa kadi ya mtu mmoja, kadi ikaisha muda, barua za kumkumbusha zikaenda kwenye anwani asiyoifungua. Jukwaa lilizimika siku tisa. Tangu hapo jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya klabu, watu wawili wana nywila, nasi tunalipa miezi miwili kabla.

Kama hizo dola hamna, anzeni na Telegram. Mkiacha historia ya kundi wazi, mgeni anasoma ya tangu mwanzo, kundi linaweza kugawanywa kwa mada, na utafutaji wake ni mzuri. Lakini mnajenga kwenye kiwanja cha mtu. Yahoo Groups ilikuwa na vilabu vya kila namna duniani, ikafungwa 15 Desemba 2020. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Waliokuwa na nakala walihama nazo, wengine walihama mikono mitupu.

Mbeba mizigo

Nikuambie ukweli: ukifungua jukwaa na kutangaza "njooni huku", watakuja wanne. Wengine watabaki WhatsApp, kwa sababu simu inalia huko, na kwa sababu kifurushi chao hakifungui kitu kingine. Nilikasirika mwanzoni, nikatishia kufunga kundi. Waliniambia, kwa heshima zote, mama, funga tu, tutafungua lingine.

Kilichotusaidia ni zamu. Kila wiki mtu mmoja ni mbeba mizigo. Jumapili jioni anapitia kundi zima na kuhamisha kinachofaa: picha, jina la mwenye jiwe, maswali yaliyojibiwa. Sauti anazisikiliza na kuziandika, maneno kwa maneno ya msemaji, Kiswahili chetu cha Lubumbashi na Kifaransa chake ndani, bila kusafisha. Sauti yenyewe pia anaipakia. Kazi hii inachukua saa moja na nusu, na ndiyo kazi pekee katika klabu tunayoilipa, kwa mega. Kisha anarudisha linki kundini: "Jiwe la dereva limepata jina, soma hapa." Linki moja yenye jina la mtu ndani inavuta watu kuliko matangazo kumi.

Sharti moja halina mjadala, na limebandikwa juu ya vyumba vyote vinne: mawe ya mgodi wa zamani wa Shinkolobwe hayaletwi uani, mtu haposti picha akiyashika, hayawekwi chini ya kitanda. Ni madini ya urani, yana mionzi. Rangi zake za njano na chungwa ni nzuri kweli, na ndiyo maana tangazo halishuki. Kwenye WhatsApp tulilibandika juu, likakaa siku 30, likashuka lenyewe.

Jambo la mwisho ni la mkono, na halitaki intaneti. Chukua ile rangi nyeupe ya kufutia wino, paka tone dogo upande mbaya wa jiwe, ikikauka andika namba kwa kalamu nyembamba. Namba hiyo hiyo ndiyo kichwa cha mada kwenye jukwaa. Jiwe likihama nyumba au mwenyewe akisahau, namba inakupeleka. Kila mada ina maswali manne: nani alilipata, lini, wapi (hapo tunaandika eneo kwa ujumla tu), alisema nini.

Mawe ya Papa tuliyapa namba za kwanza, arobaini na mbili. Namba 1 hadi 6 zina sauti zake, kuku na yote. Kuanzia 7 hadi 42 kuna picha na vipimo, na kwenye swali la nne tumeacha mahali wazi.